Mwaridi Kibete wa Kwa Mektilda

Jumatatu, 30 Septemba

Ratiba imetoka! Mzee Vitalis, mwenyekiti wa jumuiya yetu, aliisoma jana nje ya kanisa kwa sauti ya mtu anayegawa mashamba. Mwezi wa Rozari unaanza kesho. Sanamu ya Mama Maria itatembea nyumba kwa nyumba kama kila mwaka, na kila nyumba itaipamba kwa kadiri ya uwezo wake. Kwetu, yaani kwa Shangazi Mektilda, ni Ijumaa tarehe 18.

Nilifurahi mno. Sikuonyesha.

Ninayo silaha. Iko mezani hapa ninapoandika. Mwaridi kibete, urefu wa shibiri na kidogo, majani kama kucha za mtoto, matumba sita meupe. Si mwaridi mkubwa ambao bado haujakua. Hapo ndipo watu wanapokosea. Huu ni mzima kabisa, umezaliwa hivyo. Kila kitu cha mwaridi mkubwa kimo, ila kimepunguzwa, hata miiba. Ua lake likifunguka linalingana na kifungo cha koti. Nilimweleza Shangazi haya yote kwa utaratibu. Kasema hata usipa ni samaki mzima, lakini humkaribishi mgeni kwa usipa mmoja.

Anauita "kamti kako".

Sasa jambo lenyewe. Siku ya kufunga mwezi, mtu mmoja hutembea mbele ya sanamu hadi kanisani, ameshika maua ya nyumba iliyopamba vizuri kuliko zote. Mwaka jana alikuwa Luisa, jirani yetu. Mwaka juzi Luisa. Yeye na dalia zake zenye vichwa vikubwa kama sahani! Luisa hakusoma botania. Mimi nimesoma, nina shahada. Lakini tangu nirudi nyumbani kusubiri ajira, watu wakinitaja husema "yule msomi wa kwa Mektilda", kisha hunyamaza, kama vile sentensi imekosa mwisho.

Mwaka huu nitawapa mwisho. Yule msomi wa kwa Mektilda, aliyebeba maua.

Jumatano, 2 Oktoba

Udongo. Tatizo ni udongo. Mizizi ya mwaridi kibete ni mifupi na haipendi kukaa majini. Udongo wetu huu wa kilimani ni mwekundu na mzito, unashika maji kama mtu anavyoshika kinyongo. Unahitaji kuchanganywa na mchanga. Si mchanga wowote! Mchanga wa ziwani, uliooshwa na mawimbi tangu dunia kuumbwa. Shangazi kasema mchanga upo nyuma ya choo, fundi aliuacha. Nimeanza kutafuta kiroba.

Jioni Luisa kapita na ndoo ya maji kichwani. Kachungulia dirishani, kauliza kamti kanaendeleaje. Neno "kamti" limeshavuka wigo! Kasema angekuwa yeye angekatoa nje kakapigwa jua.

Ni kweli mwaridi unataka jua la nusu siku au zaidi. Nililijua hilo kabla yake. Lakini sasa nikiutoa nje itaonekana nimefuata ushauri wa Luisa. Kwa hiyo utabaki ndani. Nimeuhamishia juu ya friji, mahali pa heshima. Hapana jua hapo, lakini hapana Luisa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeshuka Mbamba Bay kufuata mchanga. Joto. Nimejaza kiroba pale ufukweni huku wavuvi wakinitazama. Mmoja kauliza kama huko Mbinga tumeishiwa ardhi.

Nimepita dukani kwa Dada Nasma, aliyeniuzia mwaridi. Anauza vyombo, vitenge, na miche michache anayoletewa kutoka Njombe. Nilitaka kujua jina la aina yangu, maana kibandiko kilifutika kabla sijaununua. Kasema, mdogo wangu, mimi nauza, sibatizi. Nikamwuliza mbolea gani inafaa. Kasema yeye maua yake humwagia maji yanapoinamisha shingo. Basi. Na mengine hufa, na hilo nalo ni la Mungu.

Hapana mfumo! Hapana utafiti!

Nikiwa hapo dukani nikaona usipa umeanikwa kwenye vichanja ng'ambo ya barabara, unametameta kama shaba. Wazo likanijia lote kwa mara moja. Samaki mkavu, aliyetwangwa unga. Naitrojeni, fosforasi, kalsiamu. Nimenunua usipa wa kutosha, nikapata lifti ya lori la samaki kupanda mlima. Nimefika nyumbani ninanuka kama soko zima. Shangazi kafurahi sana alipoona usipa. Kaacha kufurahi nilipomwambia ni wa kamti.

Jumanne, 8 Oktoba

Sitaki kuandika juu ya paka.

Nitaandika. Jumapili niliutwanga usipa, nikauchanganya na udongo na mchanga wa ziwani, nikaupanda mwaridi upya kwa mikono yangu. Kazi safi. Leo asubuhi nimesikia kishindo jikoni. Paka watatu juu ya friji! Wawili siwajui. Wa tatu ni Diwani, paka wa Luisa, mnene, mwenye uso wa mtu aliyepita bila kupingwa. Chungu kiko sakafuni vipande vipande. Mwaridi umelala ubavu, mizizi nje, Diwani anachambua udongo kwa ukucha kama anayechambua maharage.

Luisa kaja kumchukua. Kaomba radhi vizuri sana. Hicho ndicho kilichoniumiza. Angekuwa na kiburi ningejua pa kuanzia. Kaniokotea hata vipande vya chungu, kisha akanusa hewa, kauliza mchana tunapika usipa? Shangazi kajibu kwamba sisi hatupiki, tunapanda.

Wamecheka pamoja mpaka mlangoni.

Mwaridi sasa uko kwenye kopo la rangi. Matumba manne yamesalia. Bado juu ya friji.

Alhamisi, 10 Oktoba

Majani yana vumbi jeupe. Nimelifuta. Limerudi. Shangazi kasema kamti kamejipaka poda, labda kanajiandaa kwa wageni.

Si poda. Ni ukungu. Huja mmea ukikaa mahali pasipo jua wala hewa, hasa mtu akiulowesha majani jioni badala ya kumwagia maji shinani. Nimesoma hilo mwaka wa pili chuoni. Nililiandikia hata insha, nikapata alama nzuri. Na kila jioni wiki hii nimekuwa nikiurushia maji kwa vidole, maana Shangazi anarushia hivyo nguo anapopiga pasi na inapendeza kutazama.

Nani wa kulaumiwa? Nimefikiri sana. Luisa. Bila yeye mwaridi ungekuwa nje.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mpango mpya. Nahitaji muda. Nikipata muda nitautibu mwaridi, matumba yatafunguka, kila kitu kitakaa sawa. Kwa hiyo zamu yetu isogezwe mbele hadi mwisho wa mwezi.

Nimekwenda kwa Mzee Vitalis. Nimempigia shikamoo hadi magoti yakakaribia ardhi. Nimemwambia Ijumaa tutakuwa na wageni wengi kutoka Namswea, ndugu wa Shangazi, nyumba itajaa, na ingefaa kubadilishiwa. Sikuwa na ndugu yeyote wa Namswea akilini. Mzee kasikiliza, kaguswa sana. Kasema ni jambo jema, binti yangu, kufikiria wageni. Kasema atanisaidia.

Kanisaidia. Katurudisha nyuma! Tumebadilishana na nyumba nyingine, sasa ni Jumanne hii tarehe 15, ili Mama aje kwanza aibariki nyumba, ndipo wageni waikute ina neema. Kaongeza kwamba atapenda kuja Ijumaa kuwasalimia hao wageni.

Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu.

Matumba mawili yamefunguka leo. Meupe, madogo, yamekamilika. Nimeyatazama hadi nikasahau kuwa na hasira. Lakini majani yaliyoyazunguka yanaonekana kama yametoka kwenye mashine ya unga.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeokoka!

Baada ya misa nimekwenda Kitura, kwa Baba Mdogo Romanus. Nimemkuta anasafisha bomba lake la kupulizia kahawa. Pembeni, ndoo ya mrututu na chokaa, ile dawa ya bluu ambayo babu zetu waliitumia kwenye mibuni na sisi bado. Dawa ya ukungu! Nimeishi katikati yake tangu kuzaliwa na sikuifikiria. Kahawa ina ukungu. Mwaridi una ukungu. Ukungu ni ukungu.

Baba Mdogo kaniambia kipimo chake cha mibuni, na kwamba kwa kitu kidogo niizimue sana. Nimemshukuru, nikaazima bomba na dawa. Njiani nimelifikiria hilo kwa kina. Mmea ni mdogo, sawa, lakini ugonjwa ni mkubwa. Na siku ni mbili. Kinachopungua kwenye muda lazima kiongezwe kwenye dawa. Hiyo ni hesabu tu.

Sikuizimua. Niliongeza.

Nimepuliza juu, chini, ubavuni, kila mahali, maana dawa hii hukinga pale tu ilipogusa. Bomba la kahawa lina nguvu. Kopo liliruka kidogo. Nilipomaliza nilirudi nyuma kutazama.

Bluu. Majani bluu. Shina bluu. Maua bluu, bluu ya mbingu ya asubuhi. Hata kopo.

Nimesuuza kwa maji. Haitoki. Imetengenezwa isiondolewe na mvua za huku kwetu Umatengo, itaondolewa na kikombe changu?

Jumanne, 15 Oktoba

Nilipanga kuuficha mwaridi nyuma ya redio na kumpambia Mama kwa majani ya mgomba. Watu wakaja, sanamu ikaingia kwa nyimbo, nyumba ikajaa hadi barazani. Shangazi akatazama meza, akatazama majani ya mgomba, akauliza mbele ya watu wote kamti kako kako wapi. Akakafuata. Akakatoa. Akakaweka miguuni pa Mama, katikati kabisa, chini ya taa.

Mzee Vitalis akavaa miwani. Akasogea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza ni ua gani hili. Shangazi akasema mwulizeni msomi. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba ni aina adimu sana na inaitwa Joho la Mama.

Bluu! Rangi ya joho la Mama Maria mwenyewe! Mzee akaigeukia hadhara na kusema kwamba katika miaka yake yote ya kahawa hajawahi kuona kitu kama hiki kwenye sala. Baba Cleopa wa ng'ambo ya kijito alishikwa na kikohozi hadi akatolewa nje. Kifua kinamsumbua, maskini. Akina mama waliokaa nyuma walijifunika nyuso kwa khanga, mabega yakitikisika. Waliguswa. Luisa aliinama, akanusa ua langu, akakaa nalo kidogo, kisha akasema harufu yake inamkumbusha shambani kwa baba yake.

Sala zilipokwisha Mzee Vitalis kapendekeza palepale kwamba mwaka huu wa kutembea mbele awe mimi, na Joho la Mama. Vigelegele! Luisa ndiye aliyeanza kupiga.

Nimewadanganya watu wa Mungu. Lakini kwa rangi sahihi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mzee Vitalis kaja kuwasalimia wageni wa Namswea. Shangazi hakujua lolote, kauliza wageni wapi. Nimesema wameahirisha. Mzee kaitikia taratibu, kakaa, kala wali wetu wote uliokuwepo kwa niaba yao. Wakati wa kuondoka kaniuliza kama Joho la Mama hupuliziwa kabla ya mvua au baada. Nimecheka pamoja naye. Mzee ana utani mzuri ambao hauna maana yoyote.

Jumapili, 20 Oktoba

Majani yanaanguka. Kila nikipita karibu, moja linaanguka. Nimejaribu kupita polepole.

Kingo zimeungua, rangi ya chai. Dawa ilizidi. Maua yamekauka yakiwa bado bluu.

Jumanne, 22 Oktoba

Jani la mwisho limeanguka wakati wa chai. Shangazi kasema sasa ni kafimbo.

Najua cha kufanya na hakinisaidii. Unapogoa juu ya jicho linalotazama nje, unaweka juani, unasubiri. Mwaridi kibete una moyo mgumu. Hausimami juu ya shina la kuungwa, mizizi ni yake mwenyewe, hivyo ukifa juu unaweza kuanza tena toka chini. Lakini maua yatachukua wiki kadhaa, na kufunga mwezi ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Nimempigia simu Dada Nasma. Amebakiza mmoja, mwekundu. Nimemwuliza kama mwekundu ukipuliziwa bluu unakuwa rangi gani. Kasema, mdogo wangu, unakula vizuri lakini?

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimeamka kabla ya jua. Kwenye wigo wa Luisa pana mwaridi mkubwa wa kawaida, mweupe. Mpango ulikuwa mdogo na safi. Nichume maua machache machanga, niyachovye kwenye mrututu, niyafunge kwa uzi kwenye kafimbo. Kwa mbali nani angejua?

Nilikuwa nimeshaingiza mkono na mwiba umeshanishika mkono wa gauni Diwani alipokuja kukaa mbele yangu, akaanza kulia kama mtu aliyeibiwa yeye. Luisa katokea na mswaki mdomoni. Kanitazama mimi, kautazama mkasi, kalitazama kopo la dawa ya bluu miguuni pangu. Mswaki ukaanguka. Kacheka hadi akakaa chini kwenye umande.

Wanajua. Wote! Wamejua tangu jioni ile. Luisa kasema, Gaudiosa, mwenzangu, katika Mbinga yote hii nani hajui mrututu? Hata mtoto wa ubatizo anaujua, amebebwa mgongoni kwenye mibuni. Baba Cleopa hana ugonjwa wa kifua. Mzee Vitalis alipokuwa akienda nyumbani usiku ule alisema hajapata kuona mti uliopuliziwa vizuri namna ile, na kwamba walau mwaka huu ukungu hautaingia kanisani.

Nikauliza, mkono wangu bado umo kwenye miiba, kwa nini basi walinichagua. Sikutaka kuuliza kwa sauti ile iliyotoka.

Luisa kaacha kucheka. Kasema walichoka kunitazama nikitaka kitu kiasi kile. Kasema nilikaa pale pembeni ya Mama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kunifelisha. Tena yeye dalia zimemchosha. Ni nzito, na mwaka jana sisimizi walimtembea kwapani kutoka kwa mwenyekiti mpaka altareni na hakuweza kujikuna.

Kisha kaniachanisha na mwiba, kaingia kwetu, kakachukua kafimbo kangu juu ya friji bila kuniomba, kakaweka nje kwenye ukuta mfupi panapopiga jua. Kasema nisikaguse.

Nimelala kitandani siku nzima nikiutazama ukuta wa ndani.

Jumatatu, 28 Oktoba

Sijakagusa. Nimekatazama tu. Mara nyingi.

Pana kitu chekundu kwenye jicho la chini. Kidogo kuliko punje ya ulezi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nilitaka kusema naumwa. Shangazi kaniambia kuumwa kupo, lakini kuna siku zake, akanifunga khanga mpya kwa nguvu kama anafunga gunia la kahawa.

Nimetembea mbele. Kopo la rangi mikononi, nimeliviringisha kitambaa cheupe cha Shangazi cha mezani. Ndani yake shina lenye madoa ya bluu, na majani mekundu machanga yaliyotoka wiki hii, membamba, yanang'aa kama yamelowa. Hakuna ua hata moja. Nyuma yangu Mama, nyuma ya Mama jumuiya nzima inaimba. Hakuna aliyecheka. Baba Cleopa alikohoa mara moja tu, na nadhani safari hii kilikuwa kikohozi cha kweli.

Mlangoni mwa kanisa mwanamke mmoja wa jumuiya nyingine aliuliza yule binti ni nani. Nilimsikia Luisa akijibu. Kasema ni Gaudiosa, msomi wa kwa Mektilda, yule aliyemletea Mama dawa ya kahawa.

Sentensi imepata mwisho. Si ule nilioupanga. Nililishika kopo vizuri zaidi na kuingia ndani.

Jumapili, 3 Novemba

Nimepumzika vya kutosha, sasa naweza kuyachambua haya kisayansi.

Mwaridi umepona. Kwa nini? Luisa anadai ni jua. Haiwezekani. Jua lipo kila siku na halijawahi kumfanyia mtu yeyote muujiza. Kilichobadilika ni mrututu, ambao ni wazi ulihitaji muda tu wa kufanya kazi. Kipimo changu kilikuwa sahihi. Nimeurudisha juu ya friji.

Mbolea vilevile. Kosa halikuwa usipa, kosa lilikuwa kuutwanga kwa chengachenga. Leo nimeutwanga laini kama poda. Paka hawezi kunusa poda. Diwani amekaa dirishani tangu mchana, lakini anatazama nje. Karibu muda wote.

Kuna jambo kubwa zaidi. Mwezi ujao Majilio yanaanza na kanisa zima litavaa zambarau. Mzee Vitalis kasema leo, kwa kupitia tu, kwamba haijui nyumba yoyote yenye maua ya zambarau. Alinitazama aliposema.

Nimetafakari mchana kutwa. Baba Mdogo Romanus anafuga mbuzi. Anayo dawa yao ya vidonda, ile ya kupulizia.

Ni ya zambarau.